Mnapiga hesabu za AC kwa joto la uwanja wa ndege, halafu bili mnamsukumia mpangaji wa katikati ya jiji

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na walengwa wanajijua: wahandisi washauri, wachoraji ramani na wenye majengo. Kila jengo jipya linakabidhiwa na ripoti tamu ya makadirio ya umeme. Baada ya miezi michache mita inasoma mengine kabisa, na jibu ni lilelile: "wapangaji wanaacha AC zinawaka ovyo." Uongo mtupu. Kasoro iliingia kwenye makaratasi kabla msingi haujachimbwa.

Programu za kukadiria umeme wa jengo hulishwa faili la hali ya hewa: saa 8,760 za joto, unyevu, jua na upepo. Mara nyingi faili hilo limetoka kituo cha uwanja wa ndege, tena limeungwaungwa kwa miezi iliyookotwa kwenye kumbukumbu za miongo iliyopita. Uwanja wa ndege una majani, upepo na anga wazi ya kuachia joto usiku. Jengo lenu limebanwa mtaani, kati ya zege na lami iliyoshinda juani, na kila ukuta unamulikia mwenzake joto lake. Kwamba usiku wa mjini ni wa joto kuliko wa mashambani, Luke Howard, Mwingereza aliyechunguza hali ya hewa, alishalipima London mwanzoni mwa karne ya 19. Miaka 200 hiyo!

Utetezi wenu ni kwamba mchana tofauti ni ndogo. Kweli, mchana mara nyingi ni ndogo. Kinachouma ni usiku. Ukiwa umetulia na hauna mawingu, nyuzi 2 hadi 5 si ajabu. Tuseme ndani panatakiwa nyuzi 24, uwanja wa ndege ni 25, mtaani ni 28. Kwa saa 10 za usiku, ripoti inahesabu nyuzi 1 mara saa 10, yaani 10. Jengo linapambana na nyuzi 4 mara saa 10, yaani 40. Ni mara nne, kwa ile sehemu ya mzigo inayopenya kwenye kuta, vioo na hewa ya nje (joto la watu, taa na kompyuta liko palepale). Na ule mpango wenu wa kufungua madirisha usiku ili jengo lipoe? Hewa ya kulipoza iko wapi?

Ila hilo la faili ni dogo ukilinganisha na mnavyopanga mashine za nje. AC ya BTU 12,000 inatoa ubaridi wa kilowati 3.5 na kula umeme wa takriban 1.1. Vyote viwili vinatoka nje vikiwa joto: kilowati 4.6. Mnapanga mashine 20, moja juu ya nyingine, kwenye uwazi mwembamba wa katikati ya jengo ili mbele papendeze. Hizo ni kilowati 92 zinazomwagwa kwenye bomba la hewa mfu. Ya chini inatema, ya juu yake inavuta, ghorofa za juu zinameza hewa ya nyuzi 45 na kuendelea. Ufanisi ulioandikwa kwenye kibandiko umepimwa kwa hewa ya nje ya nyuzi 35, na kila nyuzi 1 inayozidi hapo huula kwa takriban asilimia 2 hadi 3. Ubaridi nao unapungua, saa ileile mzigo umepanda. Mwisho presha inapanda mno, swichi ya usalama inakata.

Anaitwa fundi. Fundi anaongeza gesi! Gesi ikizidi, presha ya upande wa joto inapanda zaidi na kompresa inateseka zaidi. Kabla hujamruhusu aguse mtungi, chukua kipimajoto, kiweke mgongoni mwa mashine pale inapovutia hewa, kisilambwe na jua, wakati mashine zote zinafanya kazi. Pima alasiri, pima tena saa tatu usiku. Linganisha na hewa ya kivulini mahali pa wazi. Ikizidi kwa nyuzi 5 au zaidi, mashine inavuta joto lake yenyewe au la jirani: geuza mdomo utazame nje, weka kipande cha bati cha kuelekeza hewa, ondoa ule urembo wa vibao uliozibia mbele. Nafasi zilizoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji ni za kiwango cha chini, na michoro mingi humo ni ya mashine chache, si ukuta mzima.

Paa jeusi la lami linanyonya zaidi ya asilimia 90 ya jua. Rangi nyeupe ya paa ikiwa mpya inarudisha kama 80, vumbi likikaa inashuka, kwa hiyo lioshwe. Bati tupu linalong'aa lisiwadanganye: linarudisha jua lakini ni bahili wa kuachia joto lake, ndiyo maana huunguza.

Vioo vya magharibi sitaki hata kuvizungumzia. Jua la jioni liko chini, kibaraza cha juu hakilizuii, zinatakiwa mbao za wima, tena kwa nje. Pazia la ndani linakutana na joto ambalo limeshaingia.

NYONGEZA: Naona mdau hapo chini anashauri "nunueni AC kubwa zaidi." Mkuu, kubwa kupita kiasi inafikia nyuzi ulizoiwekea haraka na kuzima kabla haijakausha unyevu. Chumba kinakuwa cha baridi yenye unyevunyevu, mtumiaji anashusha rimoti hadi 18, na uwazi uleule unapokea kilowati nyingi zaidi. Wahandisi mliomo humu, tajeni hapa: faili la jengo lenu la mwisho lilitoka kituo gani, na la miaka ipi?