Vitabu vya mtumba vya historia ya Detroit na kaunti za Michigan, nitajuaje orijino?

mgeni_wa_michigan
Wakuu habari za wikiendi. Niko Michigan mwaka wa sita huu, jirani na Detroit, na nimependa sana hivi vitabu vya zamani vinavyoeleza mji mmoja tu au kaunti moja tu. Ilianza siku nilipoingia John K. King, duka la vitabu vya mtumba Detroit, lile jengo la ghorofa nne lililokuwa kiwanda cha glavu, sasa limejaa vitabu hadi kwenye ngazi, nikakaa humo masaa matatu bila kujua. Sasa Jumamosi kuna nyumba mtaani kwetu mwenyewe alifariki, familia wakawa wanauza vitu vyote vya ndani, nikapata historia ya kaunti, kinene kweli, ukurasa wa mbele umeandikwa 1880, nikalipa dola 40. Kufika nyumbani naona karatasi nyeupe peee, gundi nayo kama ya juzi. Nimeuziwa kopi? Na la pili ndio linaniuma zaidi, humo ndani ni wenye mashamba na wenye viwanda mwanzo mwisho, watu weusi hawapo kabisa wakati tunajua walikuwepo. Wenye uzoefu nisaidieni.

Bi_Kurasa
Mwanangu, hicho inaelekea ni cha kurudiwa kuchapwa. Angalia nyuma kabisa, kuna faharasa ya majina ya watu? Vingi vya miaka ile havikuwa nayo, waliongeza waliorudia kuchapa miaka ya 1970, wakati Marekani inatimiza miaka 200 na kila kaunti inataka historia yake irudi madukani. Halafu tazama zile picha za wazee wenye ndevu. Kwenye orijino mara nyingi zimechapwa kwa bamba la chuma, juu yake kuna kikaratasi laini cha kuikinga, na ukiiweka karibu na jicho unaona mistari myembamba imechongwa. Kwenye kopi unaona kijivu kimelala tu. Usikitupe lakini, kwa kusoma chenye faharasa kinakusaidia kuliko orijino.

Kuhusu waliokosekana, sababu ipo. Mwaka 1876 nchi ilipofikisha miaka 100, Congress (bunge la Marekani) na rais Grant waliomba kila kaunti na mji uandike historia yake, isomwe tarehe 4 Julai na nakala ipelekwe maktaba ya Congress. Kampuni za vitabu zikaona biashara, zikatuma mawakala nyumba kwa nyumba wanaandikisha wanunuzi kabla kitabu hakijachapwa, na ukitaka picha yako iwemo unalipia. Kwa hiyo unachosoma humo ni orodha ya waliokuwa na hela. Mimi nazipenda bado, ila nazisoma nikijua hilo.

ng'ambo_ya_mto
Niko Windsor upande wa Kanada, nimekusanya haya mambo miaka kumi. Kaka, watu weusi usiwatafute kwenye historia za kaunti, tafuta vijitabu vya maadhimisho ya makanisa. Second Baptist ya Detroit ilianzishwa 1836 na watu waliokuwa watumwa, na iliwasaidia wengi waliotoroka utumwa kuvuka mto kuja huku kwetu, Detroit yenyewe kwa siri waliiita Midnight. Vijitabu vya namna hiyo vinachapwa vichache, vinagawiwa siku ya sherehe basi, na mwenyewe akifariki watoto wanaviweka kwenye boksi la magazeti, kwa hiyo pekua maboksi usiangalie rafu tu. Na chochote ukiona kuhusu Black Bottom, eneo la watu weusi Detroit, na mtaa wake wa Hastings nunua, maana mtaa wenyewe ulivunjwa ikapita barabara kuu, huwezi kwenda kuuona tena, umebaki kwenye karatasi na kwa wazee. Upande huu tafuta Buxton, makazi ya 1849 ya waliotoroka utumwa, na Amherstburg, mji waliovukia.

Kingine ni zile daftari za mji za kampuni ya Polk, zilianzia hapo hapo Detroit. Jina, kazi, mtaa anaokaa. Fundi viatu yumo, dobi yumo, hakuna aliyelipia picha.

mzee_wa_mabox
Naongeza kidogo. Kabla hujatoa hela hesabu ramani. Kuna orodha ya picha na ramani mwanzoni, linganisha moja moja, maana watu wanazikata na kuziuza peke yake kwenye fremu. Ule mwongozo wa Michigan wa 1941, wa mradi wa serikali wa waandishi, angalia mfuko wa ramani ndani ya kava la nyuma. Harufu ya ukungu ikiwa kali acha, inahamia kwa vingine. Selotepu usiguse kabisa, inaacha gundi ya kahawia haitoki. Kuna wanaokataa vyenye mihuri ya maktaba, mimi sikubaliani nao, bei inashuka na maneno ni yale yale. Na vilivyochapwa kabla ya 1929 havina tena hakimiliki Marekani, vingi viko bure kwenye intaneti, soma kwanza ndio ujue kama unakitaka.

mgeni_wa_michigan
Shikamoo Bi Kurasa, faharasa ipo, kurasa kama 60 hivi, na picha ni kijivu kama ulivyosema. Nimeelewa. Alhamisi maktaba ya hapa wanauza vitabu walivyopewa na watu, siku ya mwisho unajaza mfuko kwa bei moja, naenda mapema kwenye maboksi ya chini nikatafute hivyo vya makanisa. Kaka wa Windsor, nikipata cha upande wenu nitakuwekea.