Ndama wana madoa kama shilingi, sindano mbili zimegoma

Mama Ng'ombe
Wakuu, shikamooni wakubwa. Nafuga ng'ombe wa maziwa huku Tukuyu, na mvua zetu mnazijua. Ndama wangu watatu wana madoa ya mviringo kuzunguka macho na shingoni, mwezi wa pili sasa. Manyoya yamenyonyoka, juu pana gamba la kijivu kama uji uliokaukia sufuriani. Hawajikuni sana, wanakula vizuri. Muuza dawa kanipa sindano ya OTC (antibiotiki ya oxytetracycline), ikagoma. Akaja na ivermectin, nayo kimya. Jirani anasema nipake oili chafu. Jana nimeona doa mkononi mwa mwanangu anayewanywesha maziwa. Nifanyeje?

Kibuyu
Mashilingi hayo, ugonjwa wa fangasi wa ngozi. Oili chafu achana nayo kabisa, mtamba wangu ilimbabua ngozi.

Dokta wa Mifugo
Pole, mama. OTC inazuia bakteria kuzaliana, ivermectin inaua minyoo na utitiri. Fangasi si yoyote kati ya hao, ni ukoo wa uyoga na hamira. Huyu wa ng'ombe mara nyingi ni Trichophyton verrucosum, na chakula chake ni keratini, ile protini ya nywele na tabaka la juu la ngozi. Ndiyo maana nywele zinakatika. Utitiri ungewafanya wajikune kutwa. Ila kuna bakteria wa ngozi anayefanana naye kipindi cha mvua, kwa hiyo ukimpata mtaalamu akwangue gamba lipimwe kwa darubini.

Vaa glavu. Lowesha gamba kwa maji ya vuguvugu na sabuni, bandua taratibu bila kutoa damu, ulichome moto. Kisha paka iodini, usiguse macho. Rudia mpaka uone nywele changa. Wengi hupona wenyewe ndani ya mwezi 1 hadi 4, lakini ukisubiri tu, wataambukiza wengine.

Kibuyu
Dokta, mbona ng'ombe wakubwa hawapati?

Dokta wa Mifugo
Wengi waliugua wakiwa ndama, kinga ikabaki. Mama, mtoto apelekwe zahanati, huo ugonjwa unahamia kwa watu. Doa la mkononi kwa kawaida krimu ya clotrimazole inalimaliza, likiwa kichwani anahitaji vidonge. Msimpake zile krimu zenye steroidi: wekundu unapoa, fangasi anaendelea kutambaa chini kwa chini.

Mama Ng'ombe
Asante sana Dokta. Kumbe hela ya sindano nimeitupa! Na banda je?

Dokta wa Mifugo
Hapo ndipo penye kazi. Mbegu za fangasi hukaa kwenye mbao kavu miezi, hata miaka. Watoe juani, ongeza mwanga, kila ndama awe na kamba yake. Angalia wanapojisugulia.

Mama Ng'ombe
Nimetoka kuangalia. Nguzo ya mlangoni imejaa manyoya na magamba, na mtoto hutundika sweta lake hapo hapo.