Mjadala: Dar es Salaam, wapi ungerudi kula tena? Na mama lishe wetu wabaki wapi?

Wakuu, salaam.

Mpwa wangu amekuja kutoka Mwanza, mara yake ya kwanza Dar. Akaniomba nimwandikie sehemu za kula: za ghali, za kati na za bei ya chini. Za ghali niliandika bila kufikiri, za kati vilevile. Nilipofika kwenye za bei ya chini kalamu ikagoma. Mpishi ninayempenda kuliko wote katika mji huu siwezi kumwelekeza mtu alipo, kwa sababu alihamishwa. Hoja yangu inaanzia hapo, na ninaomba mnipinge kwa haki.

Kwangu mimi, mahali pa kula panapimwa siku ya pili. Siku ya kwanza una njaa, una wageni, upepo wa bahari unapuliza, kila kitu ni kitamu. Rudi Jumanne ya kawaida ukiwa peke yako ndipo utajua kama mpishi anaijua kazi au siku ile alibahatisha. Kuna mgahawa mmoja Masaki nilikula nguru wa kuchoma, ngozi imekauka vizuri, nyama ndani bado ina maji yake. Wiki sita baadaye, sahani ileile kwa bei ileile, nikaletewa samaki mkavu aliyelala kwenye friza, na kipande cha ndimu kilichokatwa tangu asubuhi. Sijarudi tena.

Waliofaulu kwangu ni hawa.

Ukiwa na noti kadhaa za 10,000 mfukoni, nenda Addis in Dar, Mtaa wa Ursino. Chakula cha Kiethiopia, mnakaa kuzunguka sinia moja, injera, mkate wao mwembamba, imetandazwa na michuzi imepangwa juu yake. Wengi huagiza nyama. Mimi huagiza mboga za mfungo, dengu na majani, kwa sababu hapo hakuna nyama ya kuficha makosa ya jikoni. Ule uchachu wa injera nimeukuta uleule kila nilipokwenda. Karambezi, pale hoteli ya Sea Cliff, nitasema kweli: nalipia bahari, na bahari ile inastahili. Nikitaka kuzungumza na mke wangu jambo zito, tunakwenda kukaa pale.

Bei ya kati, mimi ni mtu wa katikati ya mji. Mamboz, kona ya Libya na Barabara ya Morogoro, baada ya magharibi. Majiko yako nje, moshi unakupokea kabla hujaona bango. Kuku anakuja na naani ya moto, na ukishachovya mara mbili husemi na mtu. Asubuhi au alasiri, K-Tea Shop kule Kisutu kwa chai ya maziwa na kababu, na urojo kwa anayeuweza. Kote huko wanapika vitu vichache, na wanavipika kila siku.

Sasa wa bei ya chini, na hapa mnivumilie.

Kulikuwa na mama mmoja upande wa Gerezani, karibu na Kariakoo, akipika wali wa nazi na maharage. Jiko moja la maharage, jiko moja la wali, benchi mbili, ndoo ya maji yenye koki na sabuni ya kipande imefungwa kwenye wavu. Wali ulipokaribia kuiva alikuwa anaupalia: makaa yanachotwa kwa kijiko cha bati, yanatandazwa juu ya mfuniko, moto wa chini unapunguzwa. Anasubiri. Hakuwa na saa, alikuwa anainamisha uso na kunusa pembeni mwa mfuniko. Akifunua, punje moja moja, nazi imeingia hadi ndani. Wateja wa zamani tulikuwa tunagombea ukoko. Noti ya 2,000 na sarafu ya 500, umeshiba hadi jioni. Nilikula kwake zaidi ya miaka minne na sikumbuki siku moja wali uliokuwa bokoboko au maharage yaliyoungua. Kwa kipimo cha siku ya pili, sioni mpishi wa hoteli yoyote hapa mjini aliyemzidi.

Mwaka 2021, Julai soko la Kariakoo liliungua, na miezi michache baadaye ikaja kazi ya kuwapanga machinga upya, waondoke kandokando ya barabara waende maeneo yaliyotengwa. Yule mama akaondoka na benchi zake. Nilimfuata alikopelekwa. Nilimkuta saa nane mchana na sufuria ya wali iliyojaa nusu, wakati kule Gerezani saa saba ilikuwa imekwisha. Wapagazi, mafundi cherehani na vijana wa maduka waliokuwa wakila kwake hawawezi kutembea nusu saa kwenda kula na nusu saa kurudi. Nilipokwenda mara ya pili hakuwepo.

Kwa hiyo nauliza: tukiorodhesha vyakula bora vya mji, kwa nini mwenye anwani ndiye peke yake anayehesabika? Maoni yangu ni kwamba halmashauri zitenge sehemu za kudumu za mama lishe na baba lishe palepale penye wateja wao, ziwe na maji, choo na mtaro, ushuru ujulikane, na mtu asiondolewe bila kuonyeshwa nafasi nyingine mtaa uleule. Naomba kuwasilisha.

Jibu, kutoka Temeke

Kaka, nimekusoma hadi mwisho na wali umenitamanisha. Lakini mama yangu mzazi anatumia kiti cha magurudumu. Kabla ya 2021 nilikuwa nikimpeleka hospitali tunapita katikati ya barabara pamoja na bodaboda na daladala, kwa sababu njia ya waenda kwa miguu ilikuwa na mabenchi, majiko na masufuria ya moto. Mara moja maji ya kuoshea vyombo yalimwagwa miguuni pake. Hakuna aliyemkusudia ubaya, nafasi haikuwepo.

Na usisahau 2015. Kipindupindu kilianza hapahapa Dar mwezi Agosti, kikasambaa mikoani, na kuuza vyakula barabarani kukapigwa marufuku sehemu nyingi. Sisemi mama wako alikuwa mchafu. Nasema ndoo moja haitoshi kuosha sahani mia. Kupika vizuri na kupika salama ni vitu viwili.

Jibu, kutoka Mikocheni

Mimi nafanya kazi kwenye mgahawa wa zile noti kadhaa. Ndugu zangu mnaposema tunalipisha bahari, hesabuni pia yale msiyoyaona. Kwenye bili kuna VAT. Kuna kodi ya pango, leseni, mishahara, umeme, na jenereta umeme ukikatika. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, lazima itoke. Mama lishe hana hata kimoja kati ya hivyo, na simwonei wivu, ila ukimpa nafasi ya kudumu yenye maji na choo, gharama itaingia, na ile 2,500 haitabaki 2,500. Je, wapagazi wataendelea kwenda?

Kuhusu siku ya pili nakubaliana na wewe kabisa. Kwetu mpishi mkuu akiondoka, chakula kinabadilika ndani ya wiki, na mteja wa zamani anajua kabla ya mwenye mgahawa. Pale ambapo mwenyewe yuko jikoni, ladha haihami.

Jibu, kutoka Ilala

Mmesahau Feri, soko la samaki. Asubuhi samaki anatoka mnadani, hatua chache anakaangwa kwenye karai kubwa, unampata na kachumbari na ndizi. Pale kuna sehemu maalumu za wakaangaji, na wako palepale miaka nenda rudi. Inawezekana, basi.

Niliyeanzisha narudi

Dada wa Temeke, umenishika pabaya, na nakushukuru. Nilikuwa nakaa kwenye zile benchi mbili na sikuwahi hata siku moja kufikiri nani anashindwa kupita nyuma yangu. Benchi ilikuwa kwenye njia, hilo ni kweli. Njia ya miguu ibaki ya miguu, na kiti cha magurudumu kipite bila kuomba. Narekebisha: nafasi za kudumu ziwe nje ya njia, kwenye viwanja vidogo, vichochoro vipana na maeneo ya wazi ya halmashauri yanayokaa na magari mabovu mwaka mzima. Umbali ndio ninaoupigania. Dakika tano kwa miguu kutoka kwa mteja, si nusu saa.

Kuhusu kipindupindu, unaiunga mkono hoja yangu. Mtu asiyejua kama kesho atakuwepo hawezi kuvuta bomba la maji. Ndoo yenye koki ndiyo kitu pekee anachoweza kubeba siku ya kukimbizwa.

Mkuu wa Mikocheni, bei ingepanda, nakubali. Kama ingefika 3,000 na maji ya bomba yapo, wale wapagazi wangelalamika wiki moja kisha wangekaa. Ikifika 5,000 wangeacha, na hapo tungekuwa tumejenga mgahawa mwingine wa watu wa ofisini. Kwa hiyo ushuru ndio jambo la kujadili, kiasi gani na kwa siku au kwa mwezi. Anayefanya biashara hii atuambie anaweza kulipa ngapi bila kupunguza nazi.

Feri nimeiandika kwenye karatasi ya mpwa wangu, ahsante. Mamboz tunakwenda Ijumaa usiku. Jumamosi mchana nataka nimpeleke Gerezani, tuulize maduka ya jirani kama kuna anayejua yule mama wa wali wa nazi, wa kanga kichwani na kijiko cha bati, alikwenda wapi. Aliye karibu na kule na anamjua, aandike hapa kabla ya Jumamosi.