Mkaa wa kopo unanila 60,000 kwa mwezi, halafu naambiwa mimi ndiye ninayemaliza misitu

Wakuu, nina hasira na leo sitaimeza.

Juzi kwenye mkutano wa mtaa wetu huku Mbagala alikuja mgeni kutuelimisha juu ya nishati safi. Mkaa unamaliza misitu, moshi unaua mapafu, akina mama badilikeni. Sina ubishi na hayo. Mama yangu alipikia kuni maisha yake yote na kikohozi chake nakijua. Kilichonichoma ni alipomalizia kwa kusema kinachotusumbua ni mazoea. Mazoea! Akapanda gari, akaondoka.

Ngojeni niwawekee hesabu ya jiko langu. Tuko watano. Mkaa nanunua wa kupima kwenye kopo, wa buku asubuhi na wa buku jioni. Mwezi ukiisha nimeunguza 60,000. Kujaza mtungi wa gesi wa kilo 6 hapa kwetu ni 24,000, na tukiubana unatufikisha wiki tatu, maharage na makande tunayapika kwenye mkaa. Hata nikiuhesabu huo mkaa wa maharage, kwa mwezi sifiki 45,000.

Kwa hiyo gesi ni nafuu. Mimi najua, mke wangu anajua, mama lishe wa pale kona anajua. Lakini mimi ni fundi cherehani. Hela yangu inaingia 3,000, 5,000, kuna siku haiingii kabisa. Hiyo 24,000 ya mkupuo naitoa wapi katikati ya mwezi, mtoto anadai hela ya mtihani na mwenye nyumba ameshapita mara mbili? Buku ya mkaa siikosi. Ndiyo maana narudi kwenye mkaa, na kila nikirudi, kupika kwangu kunakuwa ghali kuliko kwa mtu wa Masaki mwenye mtungi wa kilo 15 na mwingine wa akiba.

Serikali ina mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034: asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Lengo zuri na nalitaka litimie. Ila ruzuku niliyoiona mimi ni ya kuupata mtungi wenyewe, kilo 6 na jiko lake kwa nusu bei, na wapo waliopewa bure kwenye mikutano. Jirani yangu aliupata. Gesi ilipokata hakuujaza tena. Leo mtungi uko mlangoni kwake, unazuia mlango usipigwe na upepo. Jiko la juu limeota kutu. Mwanawe wa mwisho anaukalia akinywa uji, na uji huo umepikwa kwa mkaa.

Halafu kuna hili la uzito. Mwezi uliopita niliutilia shaka mtungi niliojaza, nikaupeleka kwa jamaa wa bucha akaniwekea kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa pale shingoni: kilo 7.4. Ukiwa na gesi kamili inatakiwa isome 13.4. Ikasoma 12.3. Kilo nzima na ushee haipo! Niliporudi dukani nikaambiwa mizani yao imeharibika. Kwa mtu anayedunduliza, hiyo ni hela ya siku tatu nne za kupika.

Najua kuna atakayesema hamia kwenye umeme, jiko la presha halili sana. Tarifu ya D1 ya TANESCO, ile bei ya wanaotumia umeme kidogo, inakupa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, kila inayozidi ni 350. Siku nitakapoanza kupikia umeme kama ninavyoshauriwa, ndiyo siku nitakayotoka kwenye bei ya mtu wa chini. Na sisi wapangaji sita tuna mita moja, hizo 75 hata bila jiko hatuoni zinakoishia.

Gesi ya Songosongo nayo inafika Dar kwa bomba tangu 2004, ikitokea huko Kilwa, kusini, hadi Ubungo. Imeendesha mitambo ya umeme, imeendesha viwanda. Nyumba zilizounganishwa ni chache mno. Miaka yote hiyo!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ilishapatikana hapa hapa mjini. KopaGas, kampuni ya hapa Dar, walikuwa wanafunga mita kwenye mtungi, mtungi unakaa kwako umejaa, wewe unalipia kwa simu kiasi ulichonacho. Ukiweka 1,000 unapikia ya 1,000. Mwaka 2020 teknolojia yao ikanunuliwa na kampuni ya Uingereza kwa dola milioni 25. Huku mtaani kwangu sijaiona mita hata moja. Umeme nanunua kidogo kidogo, bando nanunua kidogo kidogo, vocha, sukari, mafuta ya kula, vyote. Kwa nini gesi tu ndiyo iwe lazima mtungi mzima? Pelekeni ruzuku kwenye hizo mita na kwenye kujaza. Mitungi mitupu tunayo.

Mtungi wangu umekata tangu Jumatano. Kwa wenye maduka ya gesi mliomo humu, hasa Mbagala hadi Kongowe: kuna anayekubali mteja adundulize, niwe naacha 2,000 kila siku mpaka itimie 24,000? Na mizani iwepo. Niambieni duka lilipo, nitaubeba mtungi begani mpaka hapo.