Programu za kugeuza upigaji kinanda kuwa nota: tunauziwa uongo na hela hairudi

Wakuu habari zenu. Naliweka hili hapa kwa sababu humu kuna walimu wa kwaya na wapiga kinanda wengi na sitaki mwingine aliwe hela kama nilivyoliwa mimi. Kuna hizi programu zinatangazwa kila ukifungua YouTube, jamaa anapiga kinanda kwa madaha na kwenye kioo nota zinajipanga zenyewe, safi kabisa, akimaliza anabonyeza karatasi inatoka. Nimelipia kifurushi cha mwaka, kwa dola, kadi ikakatwa palepale. Kilichotoka kwangu hakuna mwanakwaya duniani anayeweza kukiimba.

Na sikuitaka kwa kuchezea. Parokiani kwetu kuna nyimbo za wazee ambao hawakusoma nota wala solfa, mzee anaimba tu, mpiga kinanda anamdaka, kwaya inakariri basi. Karatasi hamna. Nyimbo zimebaki kwenye simu, rekodi zenye kelele za mabenchi na watoto, simu ikipotea na mzee akitangulia mbele za haki ndo imetoka hiyo. Nikasema nitakaa nizipige zote moja moja, programu iandike, kila sauti ipate karatasi yake.

Sasa sikieni. Nyimbo zetu nyingi ni 6/8, yaani kweva sita kila kipimo, na utamu wake ni pale mkono wa kulia unapotembea krocheti kweva, krocheti kweva (krocheti ni kweva mbili), huku kushoto besi inapiga krocheti tatu zilizolingana ndani ya kipimo kilekile. Mtoto wa utoto mtakatifu anaupiga makofi huo mwendo bila kufundishwa. Programu imeniletea nini? Kweva yenye nukta imeungwa kwa tai (ule upinde wa kuunganisha nota) na nota yenye mikia mitatu, kisha pumziko dogo, kisha semikweva (nusu ya kweva) inayovuka mstari wa kipimo, yaani kila mahali kidole kilipowahi au kuchelewa kidogo sana nayo imeandika hivyohivyo. Nikawauliza sapoti, wakaniambia niweke metronomu, ile inayogonga mapigo sawasawa, na niiamuru isawazishe kila kitu kwenye semikweva. Nimefanya, kwa wimbo mwingine wa 4/4 wenye mapigo ya tatu tatu, na zile nota tatu zilizotakiwa kulingana zimegeuka semikweva, kweva, semikweva. Huo ni wimbo mwingine! Mzee akiusikia hautambui.

Halafu shapu na flati, zile alama za kupandisha na kushusha nota. Wimbo uko kwenye ufunguo wa G maina, flati mbili pale mwanzo zinaonekana, nimeichagulia mwenyewe. Inafika kodi (nota zinazopigwa pamoja) ya D ile inayorudisha nyumbani, yaani D, F shapu, A, mtu yeyote aliyefundishwa haamoni wiki ya kwanza anajua. Yenyewe inaandika D, G flati, A. Najua mtu atakuja kusema kosa ni la MIDI, ule mfumo wa kinanda kuongea na kompyuta, na ni kweli kwamba huo mfumo tangu ulivyotoka 1983 unatuma namba tu, kitufe kile ni 66 na 66 haisemi kama ni F shapu au G flati. Sawa. Lakini si ndo kazi niliyokulipa uifanye? Namba kinanda changu kinatoa bure kupitia waya wa USB. Nilichonunua ni ile akili ya kujua kwamba tuko G maina na nota hiyo inapanda kwenda G, kwahiyo ni F shapu. Mpe mwimbaji wa sauti ya tena (tenor) hiyo G flati aisome halafu uone anaimba nini.

Sauti nne ndo msiniulize. Alto ikishika minimu (nota ya krocheti mbili) huku soprano inatembea kweva nne, programu inaona vidole viwili vya mkono mmoja basi, inaikata alto vipande vinne na kuviunga kwa tai. Pia inagawa mikono kwa C ya katikati, mwimbaji wa tena akipanda juu ya hapo anahamishiwa mistari ya juu kwa soprano na alto, alto akishuka anapelekwa kwa wanaume. Karatasi ya namna hiyo huwezi kuigawa kwa kwaya, lazima ukae ufute na kuandika upya, na kufuta takataka kunachosha kuliko kuandika kwenye ukurasa mweupe.

Nikajaribu ule upande wa maikrofoni maana tangazo linasema hata rekodi ya simu inafaa. Uongo mtupu. Nota A ya mitetemo 440 haiji peke yake, inakuja na 880 na 1320 zikiwa ndani ya sauti yake, hiyo ni fizikia na wao wanaijua vizuri kuliko mimi, ila programu inaziandika kama nota kamili, kwahiyo unakuta A nyingine juu na E ambayo hakuna mtu aliyeipiga. Besi yenyewe ambayo simu haikuidaka vizuri haipo kabisa. Zaburi tunayoimba kwa kufuata maneno, bila pigo la kuhesabu, imelazimishwa 4/4. Na wenzetu wa taarab kule Unguja na ala zao za udi na kanuni ndo kabisa, makamu (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) ya Rasti na Bayati ina nota zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda, programu inazisukuma juu au chini na makamu imekufa hapo.

Kilichonimaliza ni hiki. Nikasema basi nichukue hiyo rasimu nikaisafishe kwenye MuseScore, programu ya kuandika nota ambayo ni ya bure. Kutoa faili la MusicXML, ambalo limebuniwa makusudi nota zihame kutoka programu moja kwenda nyingine, wameliweka kwenye kifurushi cha juu zaidi. Yaani kazi yangu, nimeipiga kwa mikono yangu, nilipe tena ndo niitoe! Kuomba hela irudi naambiwa muda umepita.

Waandike ukweli kwenye tangazo: inafaa melodi moja, pigo lisiloyumba, metronomu masikioni. Anayetaka hiyo atanunua. Hizo nyimbo nimeanza kuziingiza MuseScore kwa kuchagua urefu wa nota kwanza ndipo nabonyeza kitufe kwenye kinanda, polepole, ila F shapu inabaki F shapu na alto yangu inashika minimu yake.

Mwenye kujua namna ya kuizuia kadi isikatwe tena mwaka ukiisha aniambie, maana kitufe cha kusitisha kifurushi nimekitafuta kwenye akaunti sikioni na benki wananirudisha kwa wenye programu.