Albamu isiyorukwa hata wimbo mmoja: taja yako na utoe sababu

Upande_B:
Wakuu, salaam. Sizungumzii albamu yenye nyimbo nzuri nyingi. Nazungumzia ile ambayo ukitoa wimbo mmoja, au ukivuruga mpangilio, umeiharibu. Yangu ni Exodus ya Bob Marley and the Wailers, 1977. Wimbo wa kwanza unaingia polepole mno, kama watu wanaokaribia kwa miguu kutoka mbali. Unaongeza sauti ukidhani spika zina hitilafu. Upande A wote ni hukumu na safari, hadi wimbo uliobeba jina la albamu, zaidi ya dakika saba. Unageuza upande, unakuta dansi, mapenzi na faraja. Huyu mtu alipigwa risasi Kingston Desemba 1976, akaenda kurekodi London. Kabla hajakwambia usihofu, amekupitisha motoni kwanza. Ukianzia upande B, faraja ile inakuwa nyepesi. Ndiyo maana nasema kuruka wimbo ni kumkata mtu kauli. Leteni zenu.

Gitaa Kavu:
Graceland ya Paul Simon, Mmarekani aliyekwenda kurekodi na wanamuziki wa Afrika Kusini, 1986, bila kusita. Inafunguliwa na kodiani ya Kisotho halafu ngoma inadondoka kama mlango uliobamizwa. Msikilizeni Bakithi Kumalo kwenye besi: ile mbio fupi ndani ya You Can Call Me Al, nusu yake ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa kinyumenyume studioni. Nimeijaribu besi ikiwa mapajani. Noti nazipata zote, lakini ule mlio unaovimba badala ya kufifia siupati, kwa sababu hakuna kidole kilichoupiga hivyo. Na tusisahau ndiyo albamu iliyowaibua Ladysmith Black Mambazo, kwaya ya Afrika Kusini.

MamaSanturi:
Iliyowaibua? Mwanangu, Simon anatua Johannesburg mwaka 1985, albamu yao ya kwanza ina miaka 12 sokoni. Mtu mwenye jina kwao, anayejaza kumbi, anaibuliwaje? Sema watu wa Marekani na Ulaya walichelewa kuwasikia. Hilo nitakuunga mkono.

Gitaa Kavu:
Mama, nilimaanisha kimataifa.

Besi Nzito:
"Kimataifa" ndilo neno la kuwafuta watu. Na kabla ya kuisifu, sema pia alikwenda wakati Umoja wa Mataifa ulishatoa wito wa kuisusia Afrika Kusini ya ubaguzi, muziki ukiwemo. Watu walikuwa wanafungwa na kuuawa. Mimi siwezi kuisikiliza hadi mwisho, na si kwa sababu ya gitaa.

Gitaa Kavu:
Miriam Makeba na Hugh Masekela walipanda naye jukwaani kwenye ziara ya 1987. Hao wawili waliishi uhamishoni miaka na miaka kwa sababu ya utawala uleule. Wewe una uchungu kuliko Makeba?

Besi Nzito:
Usijifiche nyuma ya Mama Makeba. Yeye alichagua lake, na walioandamana nje ya ukumbi London nao walichagua lao. Wanamuziki walilipwa vizuri, najua, nisiambiwe tena. Ninachouliza ni nani alikuwa na haki ya kufungua mlango ambao wenye nyumba waliomba ufungwe.

Gitaa Kavu:
Wenye nyumba ni pamoja na waliopiga besi ile. Kumalo si mwenye nyumba? Joseph Shabalala wa Ladysmith, aliyetunga wimbo Homeless pamoja na Simon, si mwenye nyumba?

Kinanda:
Naomba niwavushe huko. Kind of Blue ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, 1959. Vipande vitano tu, vilirekodiwa siku moja, bila mazoezi marefu. Ukimaliza unaona aibu kuongea.

MamaSanturi:
Siku mbili, Kinanda. Machi 2 na Aprili 22. Na kuna jambo wengi hawalijui: siku ile ya kwanza mashine ya kurekodi ilikuwa inazunguka taratibu kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo upande A wa santuri ulikuwa unasikika juu kidogo ya sauti halisi. Ulirekebishwa mwaka 1992. Aliyekuwa akipiga tarumbeta kufuata santuri ya zamani alijiona hajui kutuni chombo chake.

Kinanda:
Ahsante mama, nimesahihishwa. Kumbe ndiyo maana piano yangu ilikuwa inagombana na upande A!

Binti Zeze:
Mimi naruka, na sioni haya. Thriller ya Michael Jackson, 1982, nyimbo tisa, na The Girl Is Mine naipita kila mara. Michael hajapungukiwa kitu. Mpangilio wenyewe si maandiko matakatifu: Kendrick Lamar alitoa DAMN. mwaka 2017, na Desemba hiyohiyo akaitoa tena ikiwa imepangwa kuanzia wimbo wa mwisho kurudi wa kwanza. Kama mtunzi mwenyewe anageuza, mimi nani? Nyinyi wazee wa kaseti mlikuwa hamruki kwa sababu kuruka kulikuwa tabu. Huo mnauita upendo, mimi nauita uvivu wa kunyanyuka.

Upande_B:
Mzee wa kaseti nani? Sijawahi kumiliki kaseti. Exodus nimeijulia kwenye simu, usiku, na kidole kilikuwa karibu na kitufe kama chako. Sikubonyeza. Sitaki kuambiwa ninachokipenda ni uvivu. Hata Adele Novemba 2021, alipotoa albamu yake 30, aliiomba Spotify iondoe mtindo wa kuchanganya nyimbo kwenye kitufe kikuu cha albamu, na ikaondoa. Naye ni mvivu?

Binti Zeze:
Hujajibu ya Kendrick.

MamaSanturi:
Mzee wa kaseti ni mimi, binti, kwa hiyo nijibu mimi. What's Going On ya Marvin Gaye, 1971. Kaseti ilikuwa ya kaka yangu. Utepe ulikatika ndani ya Save the Children, pale Marvin anapoutamka mstari kisha anauimba. Kaka akauunga kwa selotepu, ulimi nje, mkasi wa kucha mkononi. Sekunde kama mbili zikapotea: Marvin anatamka, halafu ghafla yuko katikati ya neno jingine. Nyimbo za upande ule zimeshikana, huoni moja inaishia wapi, hivyo hata ukikimbiza utepe unaangukia ndani ya sentensi. Wimbo wa pili ni wa askari aliyerudi kutoka vitani akimuuliza ndugu yake habari za nyumbani. Kaka alifariki 1994. Siku hizi naisikia nzima, safi, na kila ikifika pale nashika pumzi nikingoja mruko ambao haupo. Kunyanyuka ningeweza, binti. Sikutaka.

Binti Zeze:
Pole sana mama. Neno uvivu nalifuta. The Girl Is Mine bado naipita.

Kinanda:
Hapo kwenye The Girl Is Mine niko na wewe.

Besi Nzito:
Gitaa Kavu umekaa kimya. Na wimbo wa mwisho wa Graceland je, ambao Los Lobos, bendi ya Los Angeles iliyoupiga, walilalamika hadharani kwamba hawakupewa haki ya utunzi? Nao ni wenye nyumba?

Gitaa Kavu:
Sijakaa kimya, nilikuwa naisikiliza What's Going On. MamaSanturi, "iliyowaibua" nimeifuta, ulikuwa sahihi. Besi Nzito, ya Los Lobos nayajua na yananikera kama wewe. Lakini kuhusu Kumalo hujanijibu, na ninangoja.