Re: Usafiri wa kila siku Mogadishu

Hamjambo wanakwetu,

Mimi niko Doha. Mdogo wangu amepata kandarasi ya ufundi wa jenereta Mogadishu, kambi ya Halane, ile yenye ulinzi wanamokaa wageni wa kimataifa. Mama kule Nyamasaria hapati usingizi tangu asikie. Anauliza jambo moja tu: asubuhi kijana atafikaje kazini, na jioni atarudije?

– Dada wa Kisumu

*

Dada, pole kwa mawazo. Mwambie mama kwamba Halane imeshikana na uwanja wa ndege wa Aden Adde, na fundi wa jenereta hulala, hula na kufanya kazi humohumo ndani. Safari yake ya kila siku ni kutoka kwenye kontena analolala hadi kwenye mashine, kwa miguu, juu ya kokoto na jua la pwani. Sisemi hakuna hatari. Tarehe 1 Januari 2019 makombora yaliangukia boma la Umoja wa Mataifa pale, yakajeruhi watu watatu, mmoja wao mtu wa kandarasi kama yeye. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa ajue handaki liko wapi, aweze kulifikia gizani bila kupapasa.

Kutoka nje ya lango ni habari nyingine. Hakuna "nafika mjini mara moja". Safari huombwa mapema, jina liingie kwenye orodha, na orodha ikifungwa imefungwa. Gari ni la deraya: mlango unausukuma kwa bega, vioo havishuki, na kiyoyozi kikizima mnaiva humo ndani na zile fulana za kuzuia risasi. Dereva hubadilisha njia na saa. Akisema leo hatutoki, asibishane naye kana kwamba ni makanga wa stejini. Barabara ya Maka al-Mukarama na makutano ya KM4 yameshambuliwa mara nyingi, na lori lililolipuka makutano ya Zoobe, mji huohuo, tarehe 14 Oktoba 2017 liliua watu zaidi ya 500. Asipige picha njiani. Saa ya kutoka asimwambie mtu, hata mama, ampigie akishafika.

Lakini kinachowaumiza zaidi watu wetu ni safari ya kurudi nyumbani. Ndege hadi Nairobi haimalizi muda wa saa mbili, Nakuru–Nairobi huchukua zaidi malori yakikwama Gilgil. Shida ni kupata hiyo siku: ruhusa, mtu wa kushika zamu, kiti. Mwaka 2019, kuanzia Mei, ndege za kutoka Mogadishu zililazimika kutua Wajir kwanza, abiria na mizigo wakaguliwe ndipo waendelee Nairobi. Amri hiyo iliondolewa Novemba, ila nani anajua kesho.

Na mazishi ya kwetu magharibi mnayajua. Mwili unatoka mochari Ijumaa, Jumamosi unazikwa, kamati haimngoji mtu. Kijana asiahidi tarehe kamwe. Aseme "nikipata nafasi", atume mchango wake mapema, basi. Nimeona ndugu wakinuniana miaka kwa sababu mmoja alisema "Ijumaa niko" na jina lake likarukwa kwenye orodha.

– Fundi wa Lanet, Nakuru

*

Nyongeza. Aulize kandarasi imetoka serikali gani. Ikiwa ni ya Marekani, kuna sheria yao ya 1941, Defense Base Act, inayomlipa aliyeumia kazini hata kama ni Mkenya, na familia yake akifariki. Jeraha liripotiwe kwa mwajiri ndani ya siku 30, madai yafunguliwe ndani ya mwaka. Nakala ya mkataba na jina la kampuni ya bima abaki nazo dada, zisiwe kwenye simu ya kijana peke yake.

Pasipoti akae nayo mwenyewe. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilizifungia zote kabatini, halafu mwenye ufunguo akaenda likizo.

– Wa Kimilili, niko Minnesota